Kuta za Mkunazini na Simu ya Muscat

Kila Ijumaa, baada ya sala na chakula cha mchana, bibi yangu hukaa kwenye kiti chake ghorofa ya pili akisubiri simu ya kaka yake kutoka Muscat. Kaka mtu aliondoka Unguja bado kijana, miaka ile ya baada ya Mapinduzi ya 1964, na Oman ilipoanza kuwapokea watu wake wa ng'ambo baada ya 1970, akaweka maskani huko. Kwa muda mrefu walikuwa watu wa barua na kaseti. Siku hizi ni simu ya video. Na simu ya video, hapa kwetu Mkunazini, ilikuwa haikai.

Ingekuwa inakatika ovyo tu, tusingejali. Lakini mara tatu mfululizo ilikatika palepale Bibi alipouliza, "Utakuja lini?" Picha inaganda, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, kisha kimya. Mara ya tatu Bibi akaiweka simu mapajani, akasema, "Huyu ananikatia kusudi."

Nikamwambia, "Bibi, ni mtandao tu."

Akanitazama. "Mtandao gani huo unaojua swali?"

Hapo ndipo nilipoamua kuutafuta ugonjwa wenyewe. Mwanzo nilifanya kama kila mtu: nikailaumu kampuni inayotuuzia intaneti, kisha nikailaumu bahari. Kuilaumu bahari ni desturi ya watu wa visiwani, na si bila sababu. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa kebo iliyolala chini ya maji. Mwaka 2008 tulikaa gizani kiasi cha mwezi mzima, na tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukarudi gizani kwa miezi mitatu. Mei 2024 nazo kebo mbili za intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini kwenye Bahari ya Hindi, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zikajikokota kwa siku kadhaa. Siku zile lawama ilikuwa ya haki.

Lakini ukiitazama historia, bahari imetubebea habari vizuri kuliko tunavyokiri. Waya wa kwanza wa simu ya maandishi ulifika Unguja mwaka 1879, ukitoka Aden na kuendelea hadi Msumbiji na Durban. Kabla ya hapo, barua ya balozi kwenda London ilitegemea meli, na jibu lake lilihesabiwa kwa wiki. Baada ya hapo, mambo yakawa ya siku. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki na Khalid bin Barghash kuingia kasri, mwakilishi wa Uingereza, Basil Cave, aliuliza London kwa waya kama anaruhusiwa kupiga mizinga. Kesho yake ruhusa ikawa mkononi. Asubuhi ya tarehe 27 mizinga ikalia, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Waya ule ulifanya kazi barabara, hata kama sisi hatukuupenda ujumbe uliokuja nao.

Ila waya ule uliishia ufukweni. Jengo la zamani la simu za nje lipo hadi leo Shangani, sasa ni hoteli, watalii wanakunywa chai wakiangalia machweo. Ujumbe ukishavuka bahari yote ile, ulikuwa unaandikwa kwenye karatasi na kubebwa na tarishi, vichochoroni, hadi mlango wa mwenyewe. Yaani tangu zamani, kazi ngumu katika Mji Mkongwe ni zile hatua za mwisho.

Basi Jumapili moja nikaanza na hatua za mwisho. Nilichukua kompyuta yangu, nikaichomeka kwa waya moja kwa moja kwenye ruta iliyoko chini karibu na mlango mkubwa. Intaneti ikaja mbio, haina dosari. Nikachomoa waya, nikatumia waifai hapohapo: bado nzuri. Nikavuka ukuta mmoja: imepungua. Nikapanda hadi chumbani kwa Bibi, kuta tatu na dari mbili mbele: karibu hakuna kitu. Kampuni nilikuwa nimeidhulumu, na bahari vilevile. Ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba.

Nyumba zetu, kama unavyojua, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Kwa hiyo huwezi kwenda mbali ndani humo kabla hujakutana na ukuta mwingine. Na matumbawe hunywa unyevu. Mawimbi ya waifai hayapendi maji: yanapopita ukutani, jiwe linakula sehemu, na unyevu unakula nyingine. Kuta zilizojengwa kuzuia jua zinazuia na hayo.

Na sisi tulikuwa tumeiweka ruta wapi? Ndani ya kidaka, kile kishimo cha ukutani ambacho zamani kiliwekwa vyombo vya kaure. Inapendeza, lakini ina jiwe pande zote isipokuwa mbele.

Nilikosea mara mbili kabla ya kupatia. Kwanza nilinunua kifaa cha kurudufu mawimbi, nikakiweka chumbani kwa Bibi. Hakikusaidia, maana huko juu hakikuwa na cha kurudufu; ni sawa na kumpa kipaza sauti mtu ambaye mwenyewe hajasikia habari. Pili, nililazimisha masafa ya 5 GHz kwa sababu yana kasi. Kasi yanayo, ila ukutani ni dhaifu kuliko yale ya 2.4 GHz. Niliporudi kwenye 2.4 nikakuta majirani wote wamo humo, ikabidi nihamie chaneli ambayo wao hawakuijaza. Kwenye masafa hayo, 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana.

Dawa yenyewe ilikuja kutoka kwenye neno. "Simu" asili yake ni Kiajemi, maana yake waya. Zilipokuja redio za mawasiliano zisizo na waya, watu wakaziita simu ya upepo. Nikajiuliza, humu ndani upepo unapita wapi? Unapita uani. Nyumba hizi zimezunguka ua wa katikati, na madirisha ya ndani yanaufungukia ili hewa ipande hadi juu. Fundi hakutaka kutoboa ukuta, chokaa ingemong'onyoka, na Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000. Akapitisha waya pembeni mwa ngazi, tukaitundika ruta kwenye ushoroba wa ghorofa ya kwanza unaotazama uani. Mawimbi yakapanda njia ya upepo, yakaingia kwa Bibi kupitia dirishani.

Ijumaa iliyofuata simu ikaingia. Picha safi, nikaona hata mvi za ndevu. Wakaulizana hali, wakataniana, wakawarehemu waliotangulia. Kisha Bibi akauliza swali lake. Nikashika pumzi.

Haikukatika. Yule mzee akanyamaza kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, akasema, "Magoti yamekataa, dada yangu. Sitokuja tena."

Bibi hakusema kitu. Wakatazamana muda mrefu, na mtandao ukawaacha watazamane. Mwisho akamwambia, "Basi usikate. Kaa tu hapo."

Walikaa hadi alasiri.