Liuli: Bandari Iliyopigwa Mzinga Kabla ya Kusikia Vita

Ukitoka Songea unapita Mbinga, unavuka milima ya Wamatengo yenye kahawa na mashamba ya ngoro, kisha unateremkia Mbamba Bay. Liuli iko mbele kidogo, kaskazini, kwenye ghuba ya Ziwa Nyasa iliyokingwa na jiwe kubwa la Pomonda. Wajerumani waliliona jiwe hilo wakakumbuka sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaibandika bandari jina la Sphinxhafen. Wenyeji waliendelea na lao.

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa ufukweni kufanyiwa matengenezo. Ikatokea Gwendolen, meli ya Waingereza wa Nyasaland, chini ya nahodha Rhoades. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na wasiwasi, kwani Rhoades alikuwa swahiba wake wa kunywa naye. Mzinga ulipolia, Berndt aliruka kwenye kimashua akamwendea akifoka, akitaka kujua kama mwenzake amelewa. Rhoades alikuwa mzima kabisa. Taarifa kwamba nchi zao zinapigana tangu tarehe 4 ilikuwa imemfikia yeye. Liuli haikuwa imefika. Berndt akachukuliwa mateka, na magazeti ya London yakashangilia ushindi wa majini.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, nami sikatai kwamba kinachekesha. Ila Songea haikuwa na sababu ya kucheka: ilikuwa imepita miaka minane tu tangu Wajerumani wawanyonge hapo mashujaa wa Maji Maji, Februari 1906. Hata meli ilibeba jina la mtu aliyezima upinzani wa Abushiri kule Pangani. Na vita iliyofuata iliwasomba wanaume wa Kiafrika kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi yote mawili, wengi wakafia njiani kwa njaa na maradhi. Meli ilitendewa vyema zaidi: Waingereza waliichukua, wakaiita King George V, ikaendelea na safari zake.

Waanglikana wanaofika Liuli, hata hivyo, mara nyingi hawaulizii mzinga wala meli. Wanakwenda kwenye kaburi la William Percival Johnson, mmisionari wa UMCA aliyetumia zaidi ya miaka 40 kandokando ya ziwa hili, akafia hapo mwaka 1928.