Chunusi Usoni? Hii Hapa Ratiba ya Kila Siku Inayoweza Jua na Vumbi la Voi

Kama unaishi Voi, hii stori unaijua. Asubuhi unatoka keja uso uko fiti. Ikifika saa sita, vumbi jekundu limekupaka, jasho linatiririka na paji la uso linang'aa kama sufuria mpya. Jioni ukijicheki kwa kioo, chunusi mpya imeshakaa kidevuni kama landilodi.

Wengi wakifika hapo hukimbilia krimu yoyote ambayo beste amesema inafanya kazi. Hapo ndipo noma huanza. Chunusi yenyewe inaweza kuisha kwa wiki moja, lakini doa jeusi hukaa miezi, na ngozi iliyoharibiwa na krimu mbaya inaweza kukusumbua miaka. Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu, na hakuhitaji doo mob. Kunahitaji tu ufanye vitu vichache, kila siku, bila kuruka.

Chunusi hutoka wapi?

Chini ya ngozi kuna tezi ndogo zinazotoa mafuta. Ukibalehe, homoni huziamsha zitoe mafuta mengi zaidi. Mafuta hayo yakichanganyika na seli zilizokufa, kitundu cha unywele huziba. Ndani yake bakteria ambao huishi kwa ngozi ya kila mtu huzaana, ngozi inavimba, usaha unaingia. Hiyo ndiyo chunusi.

Kwa hivyo mwenye chunusi si mchafu. Hata vile vidoti vyeusi vya puani si vumbi la barabarani. Ni mafuta na seli zilizobadilika rangi baada ya kukutana na hewa. Ukivisugua kwa nguvu haviishi, unaumiza ngozi tu.

Basi Voi inaingilia wapi? Joto na jasho huchokoza ngozi, halafu msuguano unamalizia. Msee wa nduthi anashinda na mkanda wa helmeti kidevuni, mwingine anapangusa uso siku nzima na leso ile ile. Ukipanda milimani kule Wundanyi shida inageuka: baridi inakausha ngozi, watu wanajipaka mafuta mazito na vitundu vinaziba. Kaunti ni moja, lakini ngozi ya Voi na ya Wundanyi hazitaki mafuta sawa.

Asubuhi: hatua tatu

1. Osha uso kwa upole. Tumia sabuni laini ya uso isiyo na manukato makali. Sabuni ya kufulia waachie majinzi. Paka kwa vidole, zungusha kama nusu dakika, suuza, kisha kausha kwa kubonyeza taulo safi bila kusugua.

Najua unasema mfereji umekauka tangu Jumatatu. Usijali, kopo moja la maji linatosha. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na mabaki yake hubaki usoni yakiuwasha. Weka kijidumu cha maji ya mvua au ya bomba kando, yawe ya kusuuza uso peke yake.

2. Paka losheni nyepesi. Hata kama ngozi yako ni ya mafuta, usiruke hapa. Ngozi ikikauka inawasha, na dawa ya usiku itakuchoma zaidi. Kwa kemisti uliza losheni ya uso isiyoziba vitundu vya ngozi.

3. Jikinge na jua. Krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi haiui chunusi, lakini inazuia madoa yasizidi kuwa meusi, na kwa ngozi yetu madoa ndiyo huumiza roho kuliko chunusi yenyewe. Kama mfuko hauruhusu, vaa kofia yenye ukingo mpana na utembee kivulini. Ni mwanzo mzuri.

Mchana: mikono mbali

Usibinye chunusi. Ukiibinya, uchafu wake unaweza kusukumwa ndani zaidi, uvimbe unaongezeka na unajiachia kovu. Jasho likizidi, bonyeza uso kwa kitambaa safi cha pamba. Ukitoka kucheza boli, osha uso mapema, lakini usioshe kila saa. Mara mbili kwa siku, pamoja na baada ya jasho jingi, inatosha.

Usiku: hapa ndipo kazi iko

1. Toa makeup, kisha osha uso. Usilale na poda ya harusi ya Jumamosi. Osha kama ulivyoosha asubuhi.

2. Paka dawa. Kwa mtu wa chunusi za kawaida, anza na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Ukikosa hiyo, ya asilimia 5 pia ni sawa, ila nenda nayo polepole. Inapunguza bakteria na kusaidia vitundu visizibe. Chukua kiasi cha punje ya kunde na usambaze eneo lote ambalo chunusi hupenda kutokea. Ukipaka juu ya chunusi moja tu, hiyo moja unaitibu lakini zile zinazokuja hujazizuia.

Wiki mbili za kwanza paka usiku mmoja, ruka mmoja. Ngozi ikizoea, paka kila usiku. Ikibambuka au kuwaka sana, punguza. Pia kuwa rada na nguo, kwa sababu hii dawa inatoa rangi. Taulo nyeusi ya mathee inaweza kubaki na mabaka ya chungwa.

Kama shida yako ni vidoti vyeusi na vipele vidogo visivyo na usaha, muulize mfamasia kuhusu adapalini au asidi ya salisili. Adapalini haitumiwi na mwenye mimba wala anayetafuta mimba, na usianze dawa mbili siku moja. Uso ukiwasha hutajua ni gani imekuchoma.

3. Malizia na losheni. Ile ile ya asubuhi.

Subiri wiki 8 hadi 12

Hapa ndipo wengi huanguka. Wanatumia siku tano, hawaoni kitu, wanahamia krimu nyingine. Chunusi unayoiona leo ilianza kujijenga chini ya ngozi wiki kadhaa zilizopita, kwa hivyo dawa inahitaji muda. Piga picha ya uso siku ya kwanza, kisha moja kila baada ya wiki nne, mahali pale pale penye mwanga. Picha itakuambia ukweli kuliko kioo.

Vitu vya keja vinavyokuchoma bila kujua

Mafuta ya nywele. Kama chunusi zimejaa paji la uso, cheki unachopaka kichwani. Mafuta na jeli hushuka na jasho. Paka mbali na uso na ufunge nywele usiku.

Mafuta mazito. Arimis tunaipenda, lakini asili yake ni ya kupaka chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua. Kwa mikono na miguu iliyopasuka ni poa. Kwa uso wenye chunusi, tafuta kitu chepesi.

Foronya na simu. Fua foronya kila wiki na upanguse kioo cha simu.

Kinyozi. Vipele vya kidevuni na shingoni baada ya kunyoa mara nyingi si chunusi. Ni nywele zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Mwambie kinyozi asinyoe hadi chini kabisa, akuwekee taulo safi, na kama spiriti inakuwasha, muombe aiache.

Chakula. Utafiti umehusisha chunusi na vyakula vinavyopandisha sukari haraka, kama soda na mandazi, na kwa baadhi ya watu maziwa pia. Si kila mtu huathirika. Punguza soda wiki chache uone. Sahani ya kimanga haina kesi na wewe.

Usiguse hivi kabisa

Ndimu, dawa ya meno na dawa za kusafisha vidonda si za kupaka kwa chunusi. Zinachoma, na ngozi nyeusi ikichomeka inaacha doa.

Hatari kubwa zaidi ni zile krimu za kung'arisha zinazouzwa kwa vikopo visivyo na maandishi, au za kuchanganyiwa dukani. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni mwaka 1998, lakini bado vinapenya mitaani. Zebaki inaweza kuharibu figo. Nyingine zina steroidi kali, ambazo ni dawa za kutumiwa kwa maagizo ya daktari. Siku za kwanza uso unakuwa laini mpaka watu wanakuuliza siri. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na chunusi zinarudi kwa fujo kila ukijaribu kuacha.

Kama bidhaa haina orodha ya viungo, au inaahidi uso mpya kwa siku saba, iache hapo hapo dukani. Kama umeshaitumia muda mrefu, ibebe uende nayo hospitali ili daktari akuongoze namna ya kuiacha.

Wakati wa kumwona daktari

Usisubiri wiki 12 kama una vinundu vikubwa vyenye maumivu, kama chunusi zinaacha mashimo, au kama zimekuja ghafla pamoja na hedhi iliyovurugika na ndevu kwa mwanamke. Hiyo inaweza kuwa homoni. Walio Voi wana Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, walio juu wana Wesu, na Taveta kuna hospitali yao. Ukihitaji daktari wa ngozi, kuanzia hapo utaelekezwa.

Na kama ni uso tu umekufanya ujifungie, unakwepa picha za darasa au unaogopa kuenda intavyu, hiyo pia ni sababu tosha ya kutafuta msaada. Hakuna anayefaa kukuambia ni ujana tu, itapita.

Kwa leo usiku anza na kopo la maji, sabuni laini na losheni nyepesi. Dawa utaiongeza ukifika kemisti. Halafu mtumie hii beste yako ambaye ananunua krimu mpya kila mwisho wa mwezi.