Bagika, Bagalu na Wageni Wao

Buswelu, yalipo makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, imo katika nchi ya Wasukuma. Hata hivyo, majirani hapa ni pamoja na Wakerewe, Wakara, Wajita, Wazinza, Wahaya na Wakurya, walioletwa na samaki, biashara au ajira.

Wasukuma wenyewe hawakuwahi kuwa kundi moja. Kabla ya utawala wa machifu kufutwa mwaka 1963, kila eneo lilikuwa na mtemi wake. Katika ngoma wamegawanyika mpaka leo: Bagika upande mmoja, Bagalu upande wa pili. Chimbuko lao ni waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, pande hizo hucheza kwa wakati mmoja, na unaovuta watazamaji wengi zaidi ndio mshindi. Hapo ubunifu hauna mipaka: chatu hai, vinyago vya mbao, hata mavazi na mwendo wa wageni vimetumika kuiteka hadhira. Ukabila mtupu haujazi uwanja.

Jitihada kubwa ya kuhifadhi urithi huu ilianzishwa na mgeni. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha kituo cha Bujora, Kisesa, miaka ya 1950. Sifa zote asipewe yeye. Maarifa yalikuwa ya wazee na wacheza ngoma. Bujora sasa ina Makumbusho ya Wasukuma, zinamohifadhiwa ngoma za watemi, na kila mwaka, majira ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu, Bagika na Bagalu hukutana huko kwa tamasha la ngoma la Bulabo.