Mikoko ya Gazi na Haki ya Wenyeji Wake

Ghuba ya Gazi, iliyoko kusini ya Mombasa katika nchi ya Wadigo, mahali mito ya Kidogoweni na Mkurumuji inapomwaga maji yake baharini, inajulikana na wasomaji wa tarikh kwa jina la Mbaruk bin Rashid wa kabila la Mazrui, aliyefanya makao yake hapo hata vita vyake na Waingereza, vilivyoanza mwaka 1895, vikamlazimu kuvuka mpaka na kuingia katika milki ya Wadachi. Walakini iko tarikh nyingine ya mahali hapo, isiyotajwa sana, nayo ni ya mikoko: nani aliyeikata, nani aliyekatazwa kuikata, na nani hatimaye aliyelipwa kwa kuitunza.

Kwa karne nyingi pwani yetu ilijengwa kwa mikoko. Misitu hiyo ilitoa fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila aina kwa unene wake, zikahesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Na majahazi yaliyokuja na kaskazi yaliporejea na kusi yalipakia boriti za Lamu na za Rufiji kuzipeleka Omani na bandari za Ghuba ya Uajemi, nchi zilizo na uhaba mkubwa wa miti ya kujengea. Hata leo aingiaye nyumba kongwe ya mawe huko Lamu huona jinsi upana wa chumba ulivyofuata urefu wa boriti, kwa kuwa fundi hakuweza kutandaza dari kupita kadiri ya mti aliopewa.

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko ya Kenya kuwa msitu wa serikali, na tangazo jingine la mwaka 1964, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru, likathibitisha lile lile. Tangu hapo mwenyeji aliyetaka pau za kujengea banda lake hakuwa na budi kuomba idhini na kulipa ada kwa miti iliyoota karibu na viambaza vya nyumba ya babu yake. Sisemi kwamba msitu haukuhitaji ulinzi. Dhuluma ninayoiona ni kwamba ulinzi ule uliwatoa wenyeji katika shauri, kisha haukuuzuia mkono ulio mkubwa kuliko wao. Maana katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi iwe kuni za kuchomea chokaa na matofali, hata sehemu za ufuo zikabaki tupu, zikiliwa na mawimbi. Marufuku ya kusafirisha boriti nchi za nje yalitolewa mwaka 1982, na Gazi imekwisha kuharibiwa.

Kazi ya kuirudisha ilianza mwaka 1991 kwa juhudi za watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya uchunguzi wa bahari na uvuvi, na miongoni mwao James Kairo, ambaye ameitolea sehemu kubwa ya umri wake. Tunda la mkoko huchipua lingali tawini, likarefuka mfano wa fimbo, ndipo lianguke. Mpandaji huokota lililokomaa, akangoja maji yakupwe, akalisimamisha wima katika tope, kisha akasogea hatua moja na kusimamisha la pili. Mlilana, ulio aina nyingine ya mikoko, hauna wepesi huo: mbegu zake ndogo huzolewa na mawimbi, na kwa hiyo ni bora zioteshwe kwanza kitaluni. Kazi hiyo ya kuinama matopeni iliendelea kwa ruzuku za utafiti, na ruzuku ya namna hiyo ina muda wake; muda ukiisha, miti hubaki na mlinzi hana ujira.

Sheria ya misitu ya mwaka 2005, iliyoruhusu wanakijiji kuunda jumuiya na kushirikiana na serikali katika kuutunza msitu, ndiyo iliyofungua mlango wa mpango uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Hekta 117, kati ya zaidi ya 600 za ghuba nzima, ziliwekwa chini ya ahadi ya kutunzwa kwa miaka 20, na manufaa yake, yakadiriwayo kuwa tani 3,000 hivi za hewa ya ukaa kila mwaka, huuzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo kwa mkono wa shirika la hisani la Scotland. Sehemu ya fedha hulipia kazi yenyewe, na sehemu hurudi vijijini, ambako wenyeji huamua barazani ifanye nini. Mabomba ya maji na vitabu vya shule vimetokana nazo. Kadhalika ilipandwa mivinje, ili mhitaji wa nguzo na kuni apate pa kukata bila kuingia mikokoni. Mwaka 2017 mpango huo ulipewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na kwa maoni yangu ulistahili tuzo hiyo kwa ajili ya lile baraza kuliko kwa ajili ya zile tani.

Lakini uhai wa mikoko hautegemei wakaao kando yake peke yao. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara hata ukafukia mizizi ya kupumulia katika hori la Mwache, karibu na Mombasa, na miti ikafa kwa wingi bila kuguswa na shoka. Mkurumuji nao hutoka katika vilima vya Shimba, na kabla ya kufika Gazi maji yake yamekwisha kuzuiwa kwa bwawa lililojengwa kwa ajili ya machimbo ya titani. Mpango ulio ndugu na ule wa Gazi umeanzishwa Vanga, Jimbo na Kiwegu, upande ule ambao Umba, mto utokao Usambara nchini Tanzania, huingia baharini. Mikataba ya namna hii huhesabu kaboni ya mikoko, haihesabu mto. Nami nasema kwamba mkulima wa Usambara aachaye miti kwenye kingo za Umba anatumikia mikoko ya Vanga sawasawa na aipandaye, basi na yeye awe na sehemu katika fedha hizo na nafasi barazani zinapogawanywa.