Chrono Trigger

Chrono Trigger ni mchezo wa video uliotengenezwa na kampuni ya Square ya Japani kwa ajili ya mashine ya Super Famicom, inayojulikana nje ya Japani kama Super Nintendo. Ulitoka Japani tarehe 11 Machi 1995, na Marekani mwezi Agosti mwaka uleule. Wachezaji wa Ulaya waliusubiri karibu miaka 14, hadi Februari 2009 ulipouzwa kwao kwenye Nintendo DS. Hata toleo la PlayStation la mwaka 1999, lililofika Marekani 2001, halikuuzwa Ulaya.

Waingereza hasa waliudhika, kwa kuwa maandishi ya Kiingereza yalikuwa tayari tangu 1995. Lakini televisheni za Ulaya zilitumia mfumo wa PAL wa hezi 50 badala ya 60, na mchezo usiorekebishwa ulipungua kasi kwa takriban sehemu moja ya sita. Tena soko hilo lina lugha nyingi, na mchezo wa aina hii umejaa maandishi ya kutafsiri.

Waliochoka kusubiri waliagiza kaseti za Marekani, ambazo zilihitaji adapta kwa sababu chipu ya mashine za Ulaya ilizikataa. EarthBound ya 1994 ilichelewa zaidi: ilifika Ulaya 2013.