Hengist na Horsa, wageni wa Kent

Wenyeji wa Kent, upande wa mashariki wa Uingereza, huonyesha pwani ya Thanet na kusema: hapa ndipo walipotua Wasaksoni wa kwanza. Mwaka 1949 watu wa Denmark walivuka bahari kwa makasia mpaka Thanet, kwa ukumbusho wa miaka 1500.

Habari yenyewe ni hii. Askari wa Roma walipokwisha kuondoka Britania, yapata mwaka 410, Wabritoni walibaki bila ulinzi, na adui wa kaskazini wakawashambulia. Basi mfalme wao Vortigern, kama inavyosimuliwa, akawaita wapagani wa ng'ambo wamsaidie. Ndugu wawili, Hengist na Horsa, wakaja na merikebu tatu. Wakapewa kisiwa cha Thanet wakae. Lakini walipoona nchi ni njema na wenyeji ni dhaifu, wakawaita wenzao. Walinzi wakawa wenye nchi.

Wasimulizi hawakukoma hapo. Geoffrey wa Monmouth, katika karne ya 12, aliandika kwamba Hengist aliomba ardhi ya kuzungukwa na ukanda mmoja wa ngozi. Alipokubaliwa, akaikata ngozi iwe kamba moja nyembamba, akazungusha mahali pa kujenga ngome! Hila nzuri; lakini Waroma walikuwa wameisimulia zamani juu ya malkia Dido wa Kartago.

Je, tuamini nini? Gildas, Mbritoni wa karne ya 6, anazitaja merikebu tatu, lakini jina la Hengist halimo. Majina hayo tunayapata kwa Mtakatifu Beda, mmonaki wa Jarrow, aliyemaliza kitabu chake mwaka 731. Naye aliandika kwa uangalifu: husemwa kwamba ndio waliokuwa wakubwa wao. Tena majina yote mawili maana yake ni farasi. Hata kaburi la mawe la Kit's Coty, linaloitwa la Catigern mwana wa Vortigern, lilijengwa miaka elfu nyingi kabla yake.

Mifupa inasema mengine. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu 460 wa zama za kati. Katika mashariki na kusini mwa Uingereza, asili ya watu ilitoka ng'ambo kadiri ya sehemu 76 kwa mia. Basi hazikuwa merikebu tatu za askari tu. Walikuja pia wanawake. Wala wenyeji hawakuuawa wote au kukimbia, kama tulivyozoea kusoma: huko Buckland, karibu na Dover, ilionekana jamaa moja ya wageni waliooana na Wabritoni.

Mwaka 597 mgeni mwingine alitua Thanet: Mtakatifu Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori. Mfalme wa Kent, Ethelbert, ambaye Beda amhesabu kuwa wa ukoo wa Hengist, alikwenda kumsikiliza. Lakini alikaa nje, peupe, asikubali kuonana naye ndani ya nyumba, kwa kuwa aliogopa kurogwa.