Matuta ya Mlalo

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini Wasambaa, waliozoea kusaidiana kulima na kuzibua mifereji ya maji kwa pamoja, waliyakataa matuta ya mkoloni. Swali hilo huchukulia kwamba kila kazi ya wengi ni ushirika.

Mpango wa kuhifadhi udongo ulianza Mlalo mwaka 1946, kisha ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Matuta yakawa amri, na aliyekaidi aliadhibiwa. Mzigo uliwaelemea zaidi wanawake, kwa kuwa mashamba ya chakula yalikuwa mikononi mwao. Waliotakiwa kuisimamia amri ni machifu wa Kikilindi, na hapo ndipo penye uzito: kwa Msambaa, kazi ya mtawala ni kuiponya nchi, kuzifya shi, sasa alionekana akiiharibu, kubana shi. Upinzani ukakua, na kabla ya uhuru wa 1961 mpango ulikuwa umekwisha kuachwa.

Mmomonyoko, nakiri, ulikuwa wa kweli. Mabwana shamba hawakuuzua. Walichokosa ni kumwuliza mwenye jembe.

Leo nimwonapo mtendaji wa kijiji akiita majina kwenye msaragambo ili awatoze faini wasiofika, naikumbuka Mlalo.